Mbegu Hukumbuka kwa Mama

Ule mti jamii ya msonobari unaopambwa wakati wa Krismasi kule Ulaya una fundisho. Nchini Norwe, usiku unaporefuka kuelekea kipupwe, mche wake huacha kukua na kufunga machipukizi yake. Miche yenye asili ya kusini huchelewa kufunga. Ikipandwa kaskazini, baridi ya barafu huiunguza. Watafiti wa huko waligundua zaidi: hata mbegu za mti mama uleule, zikikomaa penye joto, hutoa miche inayochelewa kufunga kuliko zilizokomaa penye baridi. Hali iliyompata mama humfuata mwana. Basi dada, unaponunua miche ya shamba lako, uliza kwanza: mbegu yake ilikomaa wapi?