Fadhila na Deni Lake

Ndugu msomaji, Wafilipino na Wajapani ni majirani katika Bahari ya Pasifiki. Wote ni watu wa visiwani, na chakula chao kikuu ni wali. Awatazamaye kwa mbali huweza kudhani kwamba mila zao ni moja. Leo tuwatazame katika jambo moja tu linaloigusa kila nyumba, nalo ni kulipa fadhila.

Tuanze na yale yanayowaunganisha. Mtoto wa Kifilipino hamwiti kaka yake mkubwa kwa jina tupu; humwita "kuya", na dada mkubwa humwita "ate". Mtoto wa Kijapani naye husema "oniisan" na "oneesan". Mfilipino azungumzapo na mkubwa wake huongeza neno "po", na Mjapani hubadili hata vitenzi ili kuonyesha heshima. Arudipo safarini, Mfilipino huleta zawadi ziitwazo "pasalubong". Mjapani huleta "omiyage", na huwakumbuka hata wafanyakazi wenzake.

Tofauti hudhihirika msibani. Kwa desturi ya Kijapani, aendaye kuhani hupeleka fedha katika bahasha iliyoandikwa jina lake na kiasi alichotoa. Wafiwa huweka hesabu, na baadaye humrudishia zawadi ambayo kwa kawaida thamani yake hukaribia nusu ya fedha hizo. Mkesha wao huwa wa utulivu, aghalabu usiku mmoja. Ufilipino mkesha huchukua siku kadhaa. Watu hula, huzungumza, na hata hucheza karata ili wafiwa wasibaki peke yao. Rambirambi hutolewa huko pia, lakini mfiwa hatazamiwi kutuma zawadi ya kurudisha. Atalipa siku msiba utakapobisha hodi kwa yule aliyemsaidia.

Deni la namna hiyo Wafilipino huliita "utang na loob", yaani deni la moyoni. Deni la wazazi ndilo kubwa kuliko yote, wala halimaliziki. Ndiyo maana mwanamke wa Kifilipino aliyeolewa Japani aghalabu hutuma fedha kwa wazazi na wadogo zake. Mume aweza kushangaa: ni deni gani hili lisilo na mwisho? Mke naye aweza kushangaa kuona zawadi ya jirani inalipwa upesi, kana kwamba nyumba hiyo haitaki kuwiwa na mtu. Hakuna mbaya kati yao. Mmoja hulipa ili asimlemee mwenzake. Mwingine huliacha deni lidumu ili undugu nao udumu. Wasipoelezana mapema, ugomvi utaingia nyumbani pasipo mkosaji.

Aidha, yapo madeni yasiyotoshea katika bahasha. Mwezi Februari 1945 vita vya kuikomboa Manila kutoka mikononi mwa majeshi ya Japani vilipamba moto, na hadi vilipokwisha mwezi Machi raia wapatao 100,000 walikuwa wamekufa. Elpidio Quirino alimpoteza mkewe, Alicia, na watoto wao watatu. Mwaka 1953, akiwa Rais wa Ufilipino, Quirino huyo huyo aliwasamehe wafungwa zaidi ya 100 wa Kijapani waliohukumiwa kwa makosa ya vita. Alieleza kwamba hakutaka watoto wake na wananchi wake wawarithi chuki watu ambao huenda wakawa marafiki wao.

Mwaka 1956 Japani ilikubali kulipa fidia ya dola milioni 550. Fedha hizo zilihesabika na kulipwa kwa bidhaa na huduma. Msamaha wa baba aliyewazika wanawe haukuandikiwa bei, na nusu yake hairudishiki kwa zawadi.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujamwita mkweo bahili au shemeji yako mfujaji, muulize kwanza: kwenu fadhila hulipwaje?