Wacheni hiyo springi!

Wasee, mkome kung'oa springi kwa masanduku ya muziki ya zamani mkiweka mota ya betri. Eti "nimeboresha". Umeboresha nini?

Polyphon za Leipzig, miaka ya 1890, zilikuwa zinawekwa kwa baa za Uingereza. Unatumbukiza sarafu ya peni moja, diski ya chuma inazunguka, wimbo unalia. Bila stima, bila token. Nguvu yote iko kwa utepe wa chuma uliokazwa ndani ya kopo. Springi ikilegea nguvu hupungua, lakini wimbo hauburuti, juu kuna kidhibiti mwendo: kifeni kidogo kinachopigana na hewa. (Si kama cha matatu, hiki makanga hakichezei.) Niliacha chuo, sawa, lakini hapo hata mimi sioni kazi ya mota.

Halafu kuna wale wanafungua kidhibiti springi ikiwa bado imekazwa! Nguvu inatoka yote mara moja, diski inakimbia wazimu, meno ya kichana kinachotoa sauti yanavunjika. Kila jino lilitafutiwa sauti yake. Hayo huyapati kwa hadwea.

Springi imekatika? Tafuta fundi akupimie nyingine ya unene uleule. Kama huwezi kungoja, uzia anayeweza, wewe ununue spika.