Ndanda: Nani anamfundisha mpuliza salfa?

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, mashamba ya Ndanda na Masasi yanaanza kunguruma tangu alfajiri. Ni mabomba ya mota hayo. Kijana anabeba moja mgongoni, anapita mti kwa mti akirusha salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Alfajiri upepo umetulia, na umande unasaidia dawa ishike kwenye maua.

Shida ni kwamba unga hauishii mtini. Unamrudia mwenye bomba: macho yanawaka, koo linawasha, kikohozi kinafuata. Kinga ya wengi ni fulana kuukuu iliyofungwa puani, ambayo vumbi laini linaipita tu.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, haikuishia viwandani, inagusa kilimo pia. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi wa usalama na afya. Wakala wa serikali, OSHA, anakagua na kutoa mafunzo.

Sasa, mpuliza salfa ni mfanyakazi wa nani? Leo yuko kwa mzee huyu, kesho kwa jirani, analipwa kibarua chake na kuondoka. Hana mkataba, na hata Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza 2015, kumfikia ni kazi. Mwenye shamba naye, mwenye mikorosho yake michache, hajioni kama mwajiri. Kozi humfuata mtu mwenye bosi wa kumlipia ada. Huyu hana.

Ndiyo maana kungoja kila shamba lipate mwakilishi ni kupoteza muda. Aliye karibu ni afisa ugani. Ugonjwa anaujua, kiasi cha dawa anakijua. Akiongezewa ujuzi wa usalama, atamwonyesha kijana barakoa inayozuia vumbi (si ile ya Uviko), atamfundisha kupuliza upepo ukitokea mgongoni, na kunawa kabla ya kushika chakula. Si masomo ya miaka mitatu hayo.

Walimu nao hawako mbali. OSHA ina ofisi ya kanda Mtwara, mkoa uleule wenye kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele. Ndanda kwenyewe kuna hospitali kubwa ya misheni na chuo cha ufundi.

Na pa kuanzia panajulikana: Amcos, siku ya mgao wa salfa, kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.