Fedha, Lugha na Mamlaka ya Mtunzi wa Filamu: Mfano wa Ousmane Sembène

Katika mijadala inayohusu sanaa za Afrika, suala la lugha aghalabu huchukuliwa kuwa ni suala la msimamo wa msanii. Inadhaniwa kwamba mtunzi akishaamua moyoni mwake kutumia lugha ya watu wake, jambo limekwisha. Dhana hii yaweza kuwa na ukweli kwa mshairi, ambaye mahitaji yake ni kalamu na karatasi. Kwa mtunzi wa filamu haitoshi. Yeye huhitaji kamera, mafundi, maabara na majumba ya kuonyeshea, na vyote hivyo vina gharama. Kwa hiyo lugha ya filamu huamuliwa kwanza pale fedha zinapotafutwa, kabla mhusika yeyote hajafumbua kinywa. Makala haya yanatetea hoja kwamba uhuru wa kifedha ni sehemu ya suala la lugha lenyewe, na kwamba mwanaisimu anayeupuuza huona matokeo tu bila kuona chanzo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ousmane Sembène wa Senegali, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2007. Baada ya filamu yake fupi Borom Sarret ya mwaka 1963, Sembène aliandaa filamu kuhusu Diouana, msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kuwa mtumishi wa nyumbani. Ofisi ya sinema ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, iliyokuwa ikizisaidia filamu za makoloni yake ya zamani, iliukataa mswada huo. Filamu ilitengenezwa kwa njia nyingine na kutoka mwaka 1966 kwa jina la La Noire de.... Hata hivyo, mawazo ya Diouana husikika kwa Kifaransa fasaha, kwa sauti ya Toto Bissainthe, msanii kutoka Haiti. Msichana asiyejua kusoma, ambaye msiba wake unatokana kwa kiasi kikubwa na kukosa lugha ya kujieleza mbele ya mabwana zake, anawaza kwa lugha ya mabwana hao. Ufa huu hautokani na udhaifu wa utunzi. Ni alama ya mazingira ambamo filamu ilizaliwa.

Mandabi ya mwaka 1968 inaonyesha hatua ya pili. Safari hii Sembène alipata fedha kutoka Kituo cha Taifa cha Sinema cha Ufaransa, lakini ikambidi atengeneze filamu mbili: moja kwa Kiwolofu, nyingine kwa Kifaransa. Kisa chenyewe ni cha Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi wala elimu ya shule, anayepokea hawala ya fedha kutoka Paris na kushindwa kuichukua kwa sababu hana kitambulisho. Kila mlango anaobisha una mwandishi, karani au mjanja anayesimama kati yake na karatasi zake. Kisa hiki chote kimejengwa juu ya umbali uliopo kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya ofisini. Dieng akizungumza Kifaransa nyumbani, sokoni na posta, umbali huo hutoweka, na tamthilia hupoteza mhimili wake. Sharti la mfadhili, ambalo kwa nje lilionekana kuwa la kibiashara tu, liligusa maana ya kazi yenyewe.

Sembène alijifunza kutokana na mambo hayo. Alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Domirev. Baadhi ya filamu zake zilitokana na vitabu vyake, hivyo kisa kilikuwa tayari mali yake. Alitumia waigizaji wengi wasio wa kulipwa ghali. Njia hii ya kuokoteza fedha kidogo kidogo aliipa jina la kejeli linalotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kishungi cha sigara. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yafaa kuongeza kwamba kibaba kilichojazwa na wengi hakina mmoja awezaye kukidai chote. Huo ndio msingi wa mbinu yenyewe: si kukosa wafadhili, bali kuhakikisha kwamba hakuna mfadhili mmoja ambaye akijitoa kazi hufa.

Kuna pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Inaweza kudaiwa kwamba mwenye kuukwepa mkono wa mgeni huangukia mkono wa dola. Filamu ya Ceddo ya mwaka 1977 ilipigwa marufuku nchini Senegali, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya tahajia: serikali ya Senghor ilishikilia kuwa neno hilo liandikwe kwa d moja, naye Sembène akashikilia mbili. Wengi waliamini kwamba kilichoudhi hasa ni namna filamu ilivyosawiri kuingia kwa Uislamu. Vyovyote iwavyo, Sembène hakuondoa herufi yake. Kama haki za filamu zingekuwa mikononi mwa mwingine, herufi hiyo ingefutwa kwa barua moja. Uhuru wa fedha haukumpa maonyesho, lakini ulimpa uwezo wa kukataa.

Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, inathibitisha jambo hilo kwa upande mwingine. Filamu hii inahusu askari wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa karibu na Dakar mwaka 1944. Iligharamiwa na Senegali, Aljeria na Tunisia, bila fedha za Ulaya. Ni vigumu kufikiri kwamba kisa hicho kingeruhusiwa kusimuliwa hivyo kwa ruzuku ya Paris ya wakati ule.

Hata hivyo, kumiliki utengenezaji bila kumiliki usambazaji ni kulima shamba usilokuwa na njia ya kulifikia. Haile Gerima wa Ethiopia alilitambua hilo. Sankofa yake ya mwaka 1993 ilipokosa wasambazaji nchini Marekani, alikodi ukumbi wa sinema Washington na kuipeleka filamu mji kwa mji kupitia vikundi vya jamii ya Wamarekani Weusi.

Somo hili linawahusu moja kwa moja watumiaji wa Kiswahili. Filamu za video zilizoshamiri Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitumia Kiswahili bila kuomba idhini ya mtu, kwa kuwa mnunuzi wa mwisho alikuwa Mswahili. Hapo lugha ilikuwa huru. Lakini watayarishaji aghalabu waliuza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na kisa kimoja kikagawanywa sehemu mbili ili kiuzwe mara mbili. Lugha ilibaki ya mtunzi, umbo la usimulizi likawa la muuzaji.

Kwa hiyo utafiti wa lugha katika filamu za Kiswahili hauna budi kuanza na mkataba kabla ya kufika kwenye mazungumzo ya wahusika. Nani analipa? Nani anabaki na haki? Nani anaamua filamu ionyeshwe wapi, na yawekwe maandishi ya lugha gani chini ya picha? Maswali haya yameachiwa wanasheria na wafanyabiashara kwa muda mrefu mno. Lugha ambayo wasemaji wake hawamiliki vyombo vya kuisemea itaendelea kusikika, ila kwa masharti ya mwingine.