Si meno, mama, ni kirusi

"Usihofu, mama Brian, hayo ni meno tu." Ni mara ngapi, msomaji, umesikia jirani katika ploti yenu akisema hivyo mtoto anapotapika na kuendesha? Siku ya kwanza ni meno, ya pili ni meno. Siku ya tatu mtoto amelegea, macho yameingia ndani na analia bila machozi. Hapo ndipo mama hukimbia hospitalini, na pengine amechelewa.

Meno hayamuui mtoto. Kisababishi kikubwa cha kuhara vikali kwa watoto wadogo ni kirusi kiitwacho rota. Mmoja wa waliokifichua ni mtaalamu wa Australia, Ruth Bishop.

Kabla ya mwaka wa 1973, madaktari walitafuta bakteria katika choo cha watoto hawa na mara nyingi wakaambulia patupu. Mwaka huo Bishop na wenzake mjini Melbourne walichukua vipande vidogo vya utando wa utumbo wa watoto wagonjwa na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Humo walikuta virusi tele. Baadaye vilipewa jina rota, yaani gurudumu kwa Kilatini, kwa sababu ya umbo lake. Kirusi hicho huharibu utando unaofyonza maji, na mtoto hukauka upesi.

Bishop hakuishia hapo. Pamoja na wenzake aliwafuatilia watoto walioambukizwa siku za kwanza baada ya kuzaliwa, na mwaka wa 1983 wakatangaza waliyoyaona. Watoto hao waliweza kuambukizwa tena, lakini hawakuugua vikali kama wenzao. Mwili ulikuwa umejifunza kujikinga.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Wazazi wengi hulalamika, "Mtoto wangu alipewa chanjo, mbona bado anaendesha?" Chanjo ya rota haizuii kila kuhara, kwani vijidudu vya tumbo ni vingi. Kazi yake ni kupunguza hatari ya ugonjwa mkali, ule unaomfikisha mtoto kwenye dripu. Kuilaumu kwa sababu mtoto ameendesha siku moja ni kutoielewa kazi yake.

Wapo pia wanaosema sabuni na maji safi vinatosha. Kunawa mikono ni lazima, lakini kirusi hiki humpata mtoto wa Lavington kama kinavyompata wa Mathare. Bila chanjo, karibu kila mtoto huambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5.

Na je, usalama? Swali hilo ni la haki. Chanjo ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998, iliondolewa mwaka wa 1999 kwa sababu utumbo wa watoto wachache ulijikunja ndani yake. Kwa hiyo chanjo mbili zilizofuata mwaka wa 2006 zilijaribiwa kila moja kwa zaidi ya watoto 60,000. Hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ugonjwa wenyewe. Hata hivyo, mtoto akitoa choo chenye damu au tumbo likivimba baada ya chanjo, mpeleke hospitalini mara moja.

Kenya ilianza kutoa chanjo hii Julai 2014, miaka 41 baada ya ugunduzi wa Melbourne. Bishop alifariki mwaka wa 2022, akiwa ameona kazi yake ikiwafikia watoto wa mataifa mengi. Itakuwa aibu iwapo sisi tutaiacha kliniki kwa sababu ya foleni.

Kwa hivyo, msomaji, kitafute kijitabu cha kliniki cha mtoto wako leo. Ni matone ya mdomoni tu, na huanza akiwa na wiki 6. Akiendesha, mpe maji ya ORS na uendelee kumnyonyesha huku ukielekea kwa daktari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye jirani akikuambia ni meno, mshukuru, kisha umbebe mtoto uende.