Maonyesho ya Sanaa Yasiachiwe Wapita Njia

Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, aliteuliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ya mwaka 2026. Kabla ya hapo, mwaka 2017, alitunukiwa tuzo ya Turner, na akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ni habari ya kujivunia, wala hatuoni ubaya mtu wa Visiwani akisema huyu ni wetu. Lakini yafaa tuwe wakweli. Himid aliondoka hapa akiwa mtoto wa miezi minne, na ufundi wake wote aliupatia ugenini. Kitovu chake kimezikwa kwetu. Jina lake limejengwa kwingine.

Swali linalotukabili ni la yule aliyebaki. Kijana wa Makunduchi, wa Wete au wa Ng'ambo, mwenye jicho na mkono wa kazi hiyo, atapita njia gani hata kazi yake itazamwe kuwa ni kazi ya msanii, na si kumbukumbu ya matembezi ya mgeni?

Njia iliyopo sote twaijua. Ni vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako picha hutundikwa kutani tangu asubuhi: tembo, majahazi na machweo, milango ya kuchonga, Wamasai wembamba waliovaa nyekundu. Hatuzibezi picha hizi, kwani zinalisha watu na watoto wao. Na mtindo wa Tingatinga, ambao marehemu Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi za baiskeli, ulikuwa ubunifu wa kweli siku ulipozaliwa. Mwenyewe alifariki mwaka 1972. Sehemu kubwa ya kinachouzwa leo kwa jina lake ni nakala ya nakala. Mgeni anataka picha kama ile aliyoiona kwa rafiki yake, na mchoraji, mwenye kodi ya kulipa, anampa. Dukani mnunuzi ndiye mwenye kauli. Katika onyesho mambo hugeuka: msanii husema alilo nalo, na mtazamaji hulazimika kusimama na kufikiri.

Filamu zimepata tamasha lake hapa tangu mwaka 1998, na muziki ukapata Sauti za Busara tangu 2004. Ngome Kongwe imewapokea wote wawili. Wachoraji, wachongaji na wafumaji wamebaki wageni katika sherehe za wenzao. Mwalimu wa skuli akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi uchoraji wa Unguja na Pemba ulivyobadilika tangu Mapinduzi hadi leo, awapeleke wapi?

Wapo watakaosema kwamba mambo ya Venice ni anasa za wakubwa. Laiti ingekuwa hivyo. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1895, na kwa desturi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mbali na onyesho kuu, kila nchi inayoshiriki huwa na banda lake, na jina la nchi huandikwa mlangoni. Katika bustani yenye mabanda ya kudumu, nchi ya Afrika yenye jengo lake ni Misri peke yake. Nchi nyingine hutafuta ukumbi wa kukodi, na kodi za mji ule si za mzaha. Hapo ndipo hatari inapoingia, kwa sababu nchi isiyo na fedha wala mpango hukuta mtu mwingine amejitolea kuifanyia kazi hiyo.

Jirani zetu wa Kenya yaliwafika. Mwaka 2013 lilifunguliwa banda lililoandikwa jina la Kenya, na wengi wa walioonyesha kazi zao humo walikuwa Wachina na Wataliani. Mwaka 2015 ilielekea kuwa vivyo hivyo. Wasanii wa Nairobi wakapiga kelele hadharani, na Serikali yao ikajitenga na banda lile. Waandaaji hawakuvunja mlango. Waliukuta uko wazi. Ni mwaka uo huo wa 2013 ambapo Angola, iliyokuwa na banda kwa mara ya kwanza, ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa banda bora la nchi. Ilitunukiwa kwa picha za Edson Chagas, ambaye alipiga vitu vilivyotupwa katika mitaa ya Luanda. Kiti kibovu na ukuta uliochubuka viliwashinda matajiri. Angola ilipeleka kijana wake na mji wake, basi.

Somo lililo karibu nasi zaidi limetoka Uganda. Banda lake la kwanza, la mwaka 2022, lilitajwa kwa heshima na waamuzi. Mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, alipeleka kazi zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, akishirikiana na wanawake wasusi wa nchi yake. Msomaji wa Visiwani asome sentensi hiyo mara ya pili. Ni nani asiyejua ukili? Ni nyumba gani Pemba isiyo na mkeka uliosukwa kwa miyaa iliyotiwa rangi, kwa mipango na hesabu ambazo mama alifunzwa na bibi? Sisi twauita mkeka, tunaukalia, na mgeni anaununua kwa bei ya chai. Haikuwahi kutupitikia kwamba aliyeusuka angeweza kuitwa msanii na kuandikwa jina lake ukutani.

Tanzania nayo iliingia Venice kwa mara ya kwanza mwaka 2024, na miongoni mwa wasanii wake walikuwamo Haji Chilonga na Lute Mwakisopile. Twawapongeza. Ila hapa pana jambo ambalo wakubwa wa Wizara hawana budi kulitazama. Utamaduni si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Baraza lake la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Lakini bendera inayopepea ugenini ni ya Muungano. Basi jina la msanii wa Visiwani hupelekwa na nani, kwa nani, na kwa kigezo gani? Kama utaratibu upo, utangazwe ili wasanii waujue. Kama haupo, uwekwe kabla ya safari nyingine, si baada ya malalamiko.

Wasanii nao wasikae wakisubiri barua. Himid huyo huyo, katika miaka ya 1980, hakuwa na ukumbi uliomfungulia mlango. Alikusanya wenzake na kuandaa maonyesho yeye mwenyewe, na lile la mwaka 1985 mjini London, la wanawake kumi na mmoja weusi na wa asili ya Asia, lilitundikwa katika ujia wa jengo, mahali pa watu kupita. Leo ujia ule umeandikwa katika historia ya sanaa ya Uingereza.

Tunaloiomba Serikali si jumba la mabilioni. Tunaomba onyesho moja la kila mwaka, lenye kamati ambayo wajumbe wake wengi ni wasanii na majina yao yanajulikana. Tunaomba kijitabu kilichochapwa, chenye jina la kila mshiriki, kijiji chake na kazi yake, maana kisichoandikwa husahauliwa kabla ya masika. Na tunaomba Serikali inunue kazi tatu tu kila mwaka, izihifadhi mahali pasipo na unyevu, ziwe mali ya umma. Twaamini gharama yake haifiki ile ya semina ya siku mbili hotelini, na semina haiachi hata msumari ukutani.

Beit el Ajaib, iliyoporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, ikisimama tena, chumba kimoja cha kazi hizo hakitaipunguzia hadhi. Kwa sasa Ngome Kongwe inatosha. Na onyesho la kwanza likifanyika Unguja, la pili liwe Chake Chake.