Lugha ya Gereji: Inachemsha Ikisimama au Ikitembea?

Safu yetu toleo hili inahamia chini ya boneti. Sababu ni Corolla ya mwaka 2006 ya mwanachama wetu mmoja anayekaa Walthamstow. Mchana anasoma, jioni anazunguka nyumba za wazee kuwahudumia, na bila gari hana zamu. Mwezi Januari gari ilianza kuchemsha kwenye foleni ya Hoe Street. Ikiwa sailensi ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Gereji moja ikafungua kifuniko cha oili, ikaona uji mweupe, ikatoa hukumu papo hapo: gasketi ya silinda hedi imeungua, gharama inazidi thamani ya gari, auze chuma chakavu. (Walimu wetu watuvumilie. Tunajua sarufi inataka "gari limechemsha", lakini fundi gani husema hivyo?)

Kuuza si jambo dogo. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 ukanda wa ULEZ umeenea London nzima, na gari la petroli lisilofikia kiwango cha Euro 4 hulipa pauni 12.50 kila siku linapotembea. Corolla hii imefikia kiwango. Akinunua nyingine ya bei nafuu zaidi, huenda ikawa kuukuu kiasi cha kumla mshahara barabarani.

Kabla ya ugonjwa, maneno. "Kuchemsha" mitaani Dar es Salaam ni pia kushindwa: timu imechemsha, mgombea amechemsha. "Sailensi" ndiyo inayotufurahisha zaidi. Kwa mafundi wa Tanzania ni ule mngurumo wa injini iliyowashwa bila kukanyagwa mafuta, yaani neno la ukimya limepewa kazi ya kutaja sauti. Gari "haishiki sailensi" ikiwa inazimika ukiachia mafuta. "Inamisi" ikiwa silinda moja haichomi ipasavyo na injini inaruka mapigo. Kamusi zetu za chuo hazina maana hizi, na tunadhani zinapaswa kuwa nazo.

Tulimpigia simu mjomba wa mwanachama mwenzetu, fundi mstaafu wa Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Hiyo gari inachemsha ikisimama au ikitembea?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko kila tulichokuwa tumesoma. Gari ikitembea, upepo wenyewe hupoza rejeta. Ikisimama, kazi yote ni ya feni. Kwa hiyo inayochemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu, mshuku feni, au maji yaliyopungua. Inayochemsha ikiwa mwendo kasi, angalia rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au thamostati isiyofunguka sawasawa. Ya kwetu ilipanda Hoe Street, ikashuka ilipofika North Circular. Tuliwasha kiyoyozi tukachungulia, maana kwenye gari hii ukiwasha kiyoyozi feni nayo huzunguka. Ilizunguka vizuri. Mjomba akauliza tena: hita inatoa joto? Ikitembea ndiyo, ikisimama inatoa baridi. "Basi maji hayatoshi," akasema, "kuna hewa ndani."

Hapo ndipo joto na sailensi vinapokutana. Sensa ya joto inatakiwa iwe imezama majini. Ikizungukwa na hewa huipa kompyuta habari za uongo: sasa injini ya baridi, sasa ya moto. Injini ikidhaniwa ya baridi huongezewa petroli, kama mtu anayevalishwa koti jua kali, na sailensi inapanda na kushuka. Ndiyo maana tunashauri usikimbilie plagi na koili kabla ya kuangalia maji. Na uangalie asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta cha gari lililochemka kimezuia maji ya zaidi ya nyuzi 100 kwa shinikizo, na ukikifungua yatakurukia usoni.

Ule uji mweupe je? Gasketi iliyoungua huweza kuuleta, ni kweli. Lakini London wakati wa baridi, gari inayokwenda safari za dakika kumi, kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi ya mwingine, haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ndani ya injini. Unyevu hukusanyika chini ya kifuniko na kuchanganyika na oili. Ushahidi wa gasketi ni mwingine: moshi mweupe usiokatika wenye harufu tamu, mapovu kwenye rejeta, mipira migumu asubuhi kabla ya kuwasha. Tena kuna dawa ya buluu inayoshikwa juu ya mdomo wa rejeta, ambayo hugeuka njano ikikutana na moshi wa petroli. Tuliinunua. Ikabaki buluu.

Maji yalikuwa yakienda wapi basi? Kwenye pampu tulikuta utando mkavu wa rangi ya waridi, rangi ya kulanti yenyewe. Ilivuja kidogo kidogo na kukauka juu ya injini ya moto, bila tone kuanguka chini.

Na mjomba tulimbishia jambo moja, kwa adabu. Alitaka tutoe thamostati kabisa, kama mafundi wengi wa pwani wanavyofanya, wakisema kule ni joto, ya nini? Hata kule hatuoni faida yake. Thamostati hubaki imefungwa mpaka maji yafike karibu nyuzi 82, ndipo ifunguke. Ukiitoa injini huchelewa kupata moto, inakunywa petroli na oili inachafuka. Hapa Walthamstow, mwezi Januari, ungekuwa unaendesha huku unatetemeka, na ule uji mweupe ungezidi. "Haya, nyie wa Ulaya," akacheka.

Fundi mwingine wa mtaani, si mbali na mahali Frederick Bremer alipojiundia gari lake la petroli miaka ya 1890, aliweka pampu mpya, akatoa hewa yote, na kusafisha kilango cha hewa kilichojaa masizi. Mshale sasa unasimama katikati hata kwenye foleni, na mwenzetu amerudi kwenye zamu zake. Misi ndogo imebaki asubuhi za baridi, kwa dakika moja hivi. Tunaishuku koili ya silinda ya tatu. Jumamosi tutaibadilishana na ya pili tuone kama misi itahama nayo.